Uji wa Omena na Dawa ya Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa mashua kule Kisegi, na mikono yake ndiyo iliyotulea. Mama alilima, na mahindi yake tulikula, lakini karo, sare na mabati ya nyumba vilitoka kwenye randa na nyundo ya baba. Alikuwa akipitisha kidole kwenye ubao, akakuonyesha mahali ambapo maji yangekuja kuingia, na watu walivuka kutoka visiwani kumfuata. Kwa hiyo mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, ukiwa umelala tu juu ya goti bila kazi yoyote, tulicheka. Tulisema mkono umezoea kazi, hata ukipumzishwa hausikii. Yeye mwenyewe alicheka.

Kicheko hakikudumu. Misumari ilianza kupinda. Hatua zake zikafupika, akawa anaburuza miguu kama aliyevaa viatu vya mtu mwingine, na sauti yake ikashuka hadi ikabidi nimwinamie ndipo nimsikie. Majirani, ambao kwetu hawakosi maoni, waligawanyika. Wengine walisema ni uzee. Wengine wakanong'ona habari za chira, ile laana inayompata mtu aliyevunja mwiko wa ukoo, wakaanza kumtafutia mwiko. Na baba, mtu wa kanisa tangu ujana wake, akaanza kukaa kimya akijiuliza ni upi. Hilo liliniudhi kuliko mtetemeko wenyewe.

Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa iliyonishinda. Kwa msomaji asiyetoka kwetu, niseme wazi maana yake. Binti akishaolewa, kwao ni kwingine. Akirudi, hajengewi nyumba ndani ya boma la baba yake, na akifa, wazee watakuna vichwa kuhusu mahali pa kuchimba kaburi. Mwana wa kiume ana nafasi yake bomani hata kama hajakanyaga pale mwaka mzima. Binti aliyerudi ni mgeni hata akifagia uwanja kila asubuhi. Nililala katika nyumba ya marehemu mama, na kila mtu alijua nimeachiwa nyumba ile kwa sababu moja tu: kulikuwa na mzee wa kutunzwa na hakukuwa na mwingine wa kumtunza. Nikiharibu hapo, sina pa kwenda. Nililijua hilo kila nilipoamka.

Kaka yangu, mkubwa wangu na mtoto wa kiume pekee, ana duka la vifaa vya ujenzi Migori, kwenye barabara ya kuelekea Isebania. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea. Ndoa yangu ilipovunjika, ndiye aliyekuja kunichukua kwa pikapu yake, akapakia sanduku langu na sufuria zangu bila kuniuliza swali hata moja, na njiani akaninunulia ndizi. Nayataja haya makusudi. Mtu usiyempenda hawezi kukusaliti, anakukosea tu.

Kaka ndiye aliyempeleka baba katika hospitali moja mjini Homa Bay, kwa daktari wa mishipa ya fahamu anayefika huko kwa zamu. Mimi nilibaki na ng'ombe. Waliporudi, ugonjwa ulikuwa na jina, Parkinson, na baba akamshukuru Mungu kwamba jina lenyewe si la ukoo wowote anaoujua. Chira ikaishia hapo. Kaka akamchukua Migori akae kwake aanze dawa huku akiangaliwa.

Siku alipomrudisha nyumbani, baba alishuka kwenye pikapu kwa miguu yake mwenyewe. Alitembea hadi mlangoni akirusha mikono kama mtu anayekwenda sokoni, akanisalimu kwa sauti ile ya zamani. Nililia mbele za watu. Kaka alikuwa na haraka, kulikuwa na mzigo wa simenti unaomsubiri, hata injini hakuizima. Akanipitishia mfuko wa dawa dirishani.

“Hii dawa ni kabla ya chakula ama baada?” nikamwuliza.

“Yoyote tu, nyaminwa,” akasema. Ndivyo anavyoniita, dada yangu, kwa Kijaluo. “Asubuhi, mchana, jioni. Bora imeingia.”

Akaenda zake. Nami, kwa kuwa nimeachiwa uamuzi, niliamua kama mama angeamua. Kwetu mgonjwa hapewi dawa kali kabla hajala, itamkata tumbo. Wala mgonjwa halishwi sukuma wiki peke yake, maana atadhani ametupwa. Asubuhi nilimpikia baba uji wa wimbi uliochanganywa na omena, dagaa wa ziwani, niliyoianika na kuisaga mwenyewe, unga ambao kwetu hupewa watoto wasioongezeka uzito na wanawake waliotoka kujifungua. Mchana alikula ngege mzima, kichwa na mkia vikiwa mahali pake, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kuletewa samaki nusu. Jioni samaki mwingine, mbuta wa mchuzi, na maziwa ya kulalia. Kidonge kilifuata tonge la mwisho, nami nilisimama pale pale mpaka nilione koo lake likipanda na kushuka. Nilijivuna, kwa kweli. Wanawake wa kanisani walinisifu kwa jinsi mashavu ya mzee yalivyonawiri.

Mashavu yalinawiri, miguu ikafa. Alianza tena kusimama kizingitini akashindwa kuvuka, nyayo zimegandia sakafuni, mimi nimemshika mkono nikimwimbia wimbo wa kanisani ili mguu upate mdundo wa kufuata. Kijiko kilimwaga uji kabla hakijafika mdomoni. Na kadiri alivyozidi kukakamaa, ndivyo nilivyozidisha samaki. Niliamini amepungukiwa nguvu. Nilishuka ufukweni mwenyewe asubuhi, nikabishana na wachuuzi, nikawanyang'anya samaki walionona kabla hawajapakiwa kwenye barafu.

Vidonge vya kwanza vilipokwisha nikanunua vingine, vile vile, kwenye duka la dawa. Baba akaanza kukigeuza kidonge kiganjani kabla ya kukimeza, akikitazama pande zote kama anavyotazama ubao asiouamini.

“Hiki ndicho kile cha Migori?”

“Ndicho, baba.”

“Cha Migori kilikuwa kinafanya kazi.”

Sikuona ubaya katika maneno hayo. Mgonjwa ana haki ya kununa. Nilikuwa sijui kwamba ameshazungumza na ndugu yake, baba yetu mdogo, anayeishi boma la pili kutoka letu.

Nilijua siku ile walipokuja. Kaka alifika kutoka Migori, baba mdogo akaingia na wazee wengine wa ukoo, nami nikidhani wamekuja kumjulia mgonjwa hali, nikakimbilia jikoni. Niliwaletea maji ya kunawa, nikawaletea ugali na samaki wa kutosha, nikarudi kuongeza mchuzi. Walikula vizuri. Walinisifu. Baada ya kunawa tena ndipo baba mdogo alipokohoa na kuniambia niketi.

“Baba yako anasema unamnyima dawa,” alisema. “Ati zile za ukweli unaficha, unampatia zingine.”

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa wazee, maana baba mdogo ni mtu wa mizaha. Hakuna aliyecheka pamoja nami.

“Baba,” nikasema, “waambie si kweli.”

Baba alikuwa akitazama sakafu. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba kila mtu alimsikia. “Migori nilikuwa natembea,” akasema. “Hapa kwa huyu sitembei. Anataka nikufe, abaki na nyumba ya mama yake.”

Nina hasira za karibu. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso. Lakini siku hiyo hasira haikuja. Kilichokuja ni aibu, aibu ya mtu aliyevuliwa nguo njiani. Nilikuwa nimemwosha mtu yule mgongo. Nilikuwa nimemkata kucha. Nikamgeukia kaka yangu.

“Kaka, wewe unanijua. Sema kitu.”

Kaka alikuwa ameikazia macho sahani iliyobaki mezani, ile yenye mifupa ya samaki. Kisha akafuta mdomo na kusema, “Mimi sitaki kulaumu mtu. Wacha niende na mzee kwangu. Akipata nafuu, tutajua. Asipopata, pia tutajua.”

Wazee waliitikia kwa vichwa. Waliona amesema kama mtu mzima, amempima kila mtu kwa mizani moja. Baba akapakiwa kwenye pikapu alasiri hiyo hiyo, na baba mdogo akaniomba ufunguo wa nyumba ya mama, kwa upole kabisa, kama anayeomba chumvi. Nikampa. Ningefanya nini?

Nilipanga chumba Homa Bay, nikapata kazi ya kushona sare za shule kwa mama mmoja mwenye vyerehani vingi. Habari za baba zilinifikia bila kuzitafuta, kwa sababu watu wa kwetu wakiwa na habari inayokuuma hawakunyimi. Anatembea. Amekwenda kanisani kwa miguu. Jumapili amesimama akatoa ushuhuda.

Siku moja nilikwenda Migori kujionea. Nilimkuta uani kwa kaka, amevaa kofia, akimwelekeza seremala jinsi ya kuning'iniza lango. Aliponiona alitembea kuja kunisalimu, wima, bila kuburuza mguu hata mmoja. Nilifurahi, Mungu ni shahidi yangu, moyo uliruka. Hapo hapo nikaelewa kwamba kila hatua anayopiga kuja kwangu inanitia hatiani. Alinipa mkono. Mkono ulikuwa umetulia tuli. Hakuniita ndani.

Shemeji yangu, mke wa kaka, ni mwalimu, na si mtu mbaya. Alinieleza bila kuficha anavyomtunza mzee. Anaamka mapema mno, anampa kidonge na chai ya rangi kwa sababu maziwa huwa hayajafika, kisha anakimbilia shule. Mchana msichana wa kazi anampa kidonge akikumbuka saa, na chakula kinaiva baadaye, ugali na sukuma. Samaki? Huko Migori samaki ni wa jioni, wote wakiwa wamerudi. “Unajua mimi sina wakati kama wewe,” akaniambia, akiniomba radhi. Nilirudi Homa Bay nikilia. Mtu asiye na wakati alikuwa amemwamsha baba yangu, na mimi niliyempa wakati wangu wote nilikuwa nimemlaza.

Jambo moja tu lilikuwa limebaki la kunitetea. Chini ya mkoba wangu kulikuwa na vidonge vichache nilivyosahau kumkabidhi kaka siku ile ya msukosuko. Wangenikuta navyo wangesema ndivyo hivyo. Lakini mimi niliwaza hivi: duka la dawa limeniuzia vidonge bandia, na nikimpata mtu wa kuthibitisha, jina langu litasafishika. Nikasubiri zamu ya yule daktari, nikapanga foleni pamoja na wagonjwa.

Alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Akavitazama vidonge, akavisoma, akasema ni vya kweli na havijaharibika. Nikavirudisha mkobani. Kisha akauliza nilikuwa nampaje mgonjwa dawa hizo, wakati gani, na pamoja na nini. Nilimtajia jina la baba, nikamwambia yote, na niliposema nilisema kwa fahari, maana nilitaka angalau mtu mmoja ajue nilivyomlisha baba yangu. Uji wa omena. Ngege. Mbuta. Maziwa. Daktari akaweka kalamu chini.

“Pole, mama,” akasema. “Hebu nikueleze.”

Akanieleza, na kwa kuwa nilikuwa mpenzi wa biolojia shuleni, nilimfuata. Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Seli za ubongo hazishikani kama matofali. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya mdogo usioonekana kwa macho. Seli yenye neno la kusema humwaga kemikali yake kwenye mwanya huo, nayo huvuka na kushika vipokezi vilivyo upande wa pili. Kila kipokezi kina umbo lake na hakimpokei kila anayepita. Dopamini ikikishika, seli ile inabadilika: kwa vipokezi vya aina moja inachochewa, kwa vya aina nyingine inatulizwa, na katika mvutano huo wa kuchochea na kutuliza ndimo mtu anamopata kunyanyua mguu bila kuufikiria. Kwa baba, seli zinazotengeneza dopamini zilikuwa zinakufa. Vipokezi vilikuwepo, vimekaa vinangoja. Na kemikali nyingine, asetilkolini, ambayo kwa kawaida dopamini huizuia isizidi kiasi, ilikuwa imebaki bila wa kuizuia, na sehemu ya ule mtetemeko ilitokana na hiyo.

“Si mumpe hiyo dopamini yenyewe?” nikauliza.

“Haipiti kuingia ubongoni, mama. Tunampatia levodopa, hiyo inapita, halafu ubongo ndio unaigeuza iwe dopamini. Shida ni kwamba levodopa haina mlango wake. Inatumia mlango wa proteini. Samaki, nyama, maziwa, maharagwe, vikishameng'enywa vinapita hapo hapo, tumboni na tena kule kwenye ubongo. Sasa wewe ulikuwa unaleta samaki wote mlangoni kwanza.”

Niliona mlango wa duka siku ya soko, watu wamejazana, na kidonge kidogo kimesimama nyuma yao hakina pa kupenya. Mimi ndiye niliyewaita watu wale. Kila ngege niliyemchagua ufukweni nilimchagua amzuie baba yangu kutembea. Nilifunika uso kwa leso, daktari akaningoja.

“Si makosa yako,” akasema. “Lakini haya nilimwambia kijana aliyemleta mara ya kwanza. Namkumbuka, alicheka. Aliniambia, daktari, sisi watu wa ziwa bila samaki hatujala. Nikamwambia, ale, lakini dawa itangulie, akae karibu saa nzima, na samaki wengi wawe wa jioni. Akasema sawa.”

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Kabla sijatoka nilimwuliza jambo la mwisho. “Huu ugonjwa unaweza kumfanya mtu ashuku watu wake?”

“Unaweza. Hata dawa zenyewe, kwa wengine. Dopamini haifanyi kazi ya miguu peke yake, iko pia kwa mambo ya kuamini na kutaka na kuogopa.”

“Kwa hivyo mtu akimsingizia binti yake, ni dopamini?”

Alifikiri sana, namshukuru kwa hilo. “Inaweza kuwa,” akasema. “Na inaweza isiwe. Mimi sijui, mama.”

Nilitoka na ile “inaweza kuwa” nimeibana kwapani. Nilimsamehe baba kabla sijafika barabarani. Si yeye aliyesema yale maneno, nilijiambia, ni vipokezi vyake vyenye njaa. Sasa hasira yote ilikuwa na mahali pamoja pa kwenda, nami nikaipeleka Migori.

Kaka alikuwa dukani, katikati ya mabati na mikebe ya rangi, akimpimia mteja misumari. Nilingoja mteja aondoke. Nikamwambia nimetoka kwa daktari, na daktari anamkumbuka. Akawa anaokota misumari iliyoanguka, mmoja mmoja.

“Nilisahau,” akasema. “Haki ya Mungu, nyaminwa, nilisahau. Ile siku nilikuwa na haraka.”

“Nakuamini. Ulikumbuka lini?”

Akainama kuokota msumari mwingine. Nikarudia swali. Mwanamume aliyenishika tumbo majini nisizame, nilipokuwa mtoto, alishindwa kunitazama usoni.

“Ile siku ya wazee,” akasema. “Ulipoleta samaki.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mengi, hilo halikuwemo. Nilidhani atasema alikumbuka baadaye, baba alipopona, na kwamba aliona haya kunitafuta. Hilo ningelimeza. Lakini alikumbuka pale pale, mimi nikiwa nimekaa mbele yao kama mwizi, nikimwambia aseme kitu.

“Ulikula,” nikamwambia. “Ulikula samaki wangu, ukanawa mikono, ukaacha nifukuzwe.”

“Sasa ningesema aje mbele ya wazee? Ati ni mimi nimeharibu mzee? Mimi ndiye kijana wake, wote wananiangalia. Nilijua nikimleta huku atapona, na mambo itaisha yenyewe.”

“Itaisha kwa nani?”

Mteja mwingine aliingia akitaka komeo. Kaka alimhudumia. Nilisimama pale nikimwangalia akichukua komeo rafuni, akilijaribu, akilifunga kwenye gazeti, na nikaona kwamba anafurahi kupata kazi ya kufanya. Mteja alipotoka, akaniambia bila kugeuka, “Mzee yuko nyumbani. Ongea na yeye.”

Nilimkuta baba peke yake barazani. Ilikuwa mchana, dawa ya asubuhi imeisha nguvu, amekaa amekakamaa kwenye kiti. Msichana wa kazi alitoka jikoni na kidonge na maji, akasema saa imefika. Nikavipokea, nikampa baba mwenyewe. Akameza. Kisha nikamweleza kila kitu, polepole, nimemwinamia: mlango, samaki, daktari, kaka, sahani ya mifupa. Nililia nikieleza. Nilimwambia namsamehe kwa yale aliyosema, kwamba ugonjwa ndio uliosema.

Uso wake haukusogea. Hilo nalo ni la ugonjwa, misuli ya uso inangoja dopamini kama ya miguu, na mtu anaweza kuwa anaungua ndani huku nje amekuwa kama amechongwa. Niliutafuta uso ule kila mahali, macho, pembe za mdomo, nipate kuona hata chembe ya majuto. Sikujua kama haipo au imekwama. Nikaamua kungoja. Nilivuta kigoda nikaketi mbele yake, nikakifuata kidonge kwa akili yangu: kinashuka, kinayeyuka, hakuna samaki mlangoni, kinapita, kinaingia kwenye damu, kinapanda, kinapita tena, kinageuzwa, kinamwagwa kwenye ule mwanya, kinashika. Sijawahi kumwombea mtu kama nilivyokiombea kidonge kile.

Jua lilikuwa limesogea kidogo ukutani mkono wake ulipotulia. Mabega yakashuka. Akapepesa macho, mara moja, mara nyingine, akageuza shingo kunitazama, na uso wa baba yangu ukarudi, ule wa karakana, wenye mikunjo ya kucheka.

“Nyathina,” akasema. Mwanangu. Sauti ilikuwa nzima. “Hayo najua. Kaka yako aliniambia, hata kabla tupande mahindi.”

Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Nikamwuliza mbona hakuniita. Mbona hakumwambia hata baba mdogo, nirudishiwe ufunguo, watu waache kunitazama vile.

“Yeye ndiye atanizika,” akasema. “Yeye ndiye jina langu hapa. Akiaibika, hakuna boma. Wewe ni msichana, wewe utabeba.” Akanishika mkono, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo. “Kwa hivyo hii maneno iishie hapa. Baba yako mdogo asijue. Watu waendelee kufikiria vile wanafikiria.”

Alisema bila kukwama, akinitazama usoni, kwa upole ule ule aliotumia kutufundisha kusali. Nilimtafuta mgonjwa niliyekuja kumsamehe, sikumwona. Aliyekuwa ameketi mbele yangu, ameushika mkono wangu, alikuwa baba yangu mwenyewe, mzima.